Gemu Aliyonisomea Kaka

Jumatatu, 3 Machi

Fundi Simu wa mlango wa pili kaja na kitu mfukoni, kakiweka juu ya meza yangu ya kukatia vitambaa taratibu kama yai. Gemu ya mkononi. Skrini pana kuliko ya simu yangu, vitufe huku na huku. Anasema ameletewa moja ya kujaribu, na kabla hajaagiza nyingine anataka mtu mzima mwenye akili timamu amwambie: hizi gemu za zamani za Kijapani zilizomo humu, bado zinachezeka? Au ni vile tu tulikuwa watoto na kila kitu kilikuwa kitamu? Nikamwambia mimi nina sofa la watu linasubiri sponji. Akasema, basi soma majina tu.

Nikasoma. Nikapiga kelele hadi stepla ikanidondoka mguuni.

Ile ya kinu! Ile yetu! Kijana mwenye upanga, kinu cha upepo kilimani, wenzake anaowaokota njiani mmoja mmoja mpaka wanakuwa kikosi. Tulikuwa nayo mimi na Kaka, kwenye mashine ya mtumba aliyotuletea mjomba, na kaseti ilikuwa hiyo hiyo moja, maandishi yote Kijapani. Kaka ndiye aliyesoma. Herufi zao alifundishwa na fundi mmoja wa mtaani aliyewahi kufanya kazi kwenye meli ya Wajapani. Yeye anasoma, mimi nabonyeza. Yeye macho, mimi vidole. Kila siku baada ya shule, sakafuni, mpaka Mama, Mungu amrehemu, aje achomoe waya.

Toleo hili lina Kiingereza. Hatimaye nitaisoma mwenyewe!

Nimemwambia Fundi Simu anipe muda nitampa jibu. Sofa la watu limesubiri.

Jumanne, 4 Machi

Hukumu ya kwanza. Muziki — uleule, nimesisimka hadi kisogoni. Picha — vibox vibox, lakini kwenye skrini ndogo vinapendeza kuliko vilivyokuwa kwenye televisheni yetu yenye mistari. Unaweza kuizima katikati ya vita na ukirudi unaikuta palepale. Hilo kwa mtu anayefanya kazi ni neema. Ubaya: maandishi madogo, nimelazimika kuvaa miwani ya kutungia uzi. Na huwezi kutembea hatua chache bila kurukiwa na vidudu. Utotoni nilidhani ni vita. Sasa naona ni usumbufu tu.

Sijafika kwenye kinu. Namsubiri Bi Kinu.

Jina tulimpa sisi. Ni yule mwanamke wa joho la buluu anayekaa kinuni. Kikosi kinafika kwake, kinalala, asubuhi kinaondoka, na yeye anabaki. Kaka alinisomea maneno yake kwa sauti ya chini: "Nendeni. Wote wanaosafiri wanahitaji mtu mmoja wa kubaki, awashe taa, wajue pa kurudi." Nililia nikiwa nimeshika rimoti ya gemu. Kaka akanipa shati lake nifute pua.

Kaka alipokwenda kusoma mbali, na mimi nikaingia karakana ya Baba ya masofa, watu waliniuliza, na wewe? Huna ndoto? Nilikuwa nacheka tu. Moyoni nilikuwa namfikiria Bi Kinu. Hilo sijamwambia mtu yeyote, na sitamwambia. Mwanamke mzima anayeshona viti, mwalimu wake wa maisha katuni!

Jumatano, 5 Machi

Kaka kaja kumwona Baba. Viatu vinang'aa, harufu ya ofisi ya bima.

Tangu kiharusi Baba ana neno moja: sabuni. Akitaka maji, sabuni. Akikasirika, sabuni, sabuni. Mimi nimejifunza kubahatisha kwa macho yake na mara nyingi nakosea. Kaka hakosei. Anakaa ukingoni mwa kitanda, anamshika mkono, anasikiliza, halafu anageuka kutueleza: Baba anasema hivi, Baba anasema vile. Shangazi zangu wanamsifu — huyu ana kipaji, huyu damu yake inasikilizana na ya baba yake. Mimi ninayemwogesha Baba kila asubuhi damu yangu inasikilizana na sponji.

Leo Baba kasema sabuni ndefu, na mkono wa kushoto juu. Kaka kasikiliza, katikisa kichwa, kaniambia Baba anasema karakana ifungwe mwisho wa mwezi. Kachoka kuniona nabeba masofa kama mpagazi. Mwenye duka la vioo anaitaka ile nafasi, ni mtu mzuri, Baba anamkubali. Mimi nipumzike, nikae nyumbani nimwangalie Baba.

Karakana! Mikono yangu yote iko mle. Ile meza niliichonga mwenyewe. Wateja wananijua kwa kushona pindo, wakiona pindo kwa watu wanauliza, hili ni la yule dada?

Nilimtazama Baba. Baba kanitazama. Sabuni, akasema.

"Unaona?" Kaka akasema.

Sikubisha. Nani abishane na mgonjwa?

Ijumaa, 7 Machi

Sina hamu ya kuandika kuhusu karakana. Nitaandika kuhusu gemu.

Kuna mzee sokoni kwenye mji wa kwanza. Kaka alinisomea kwamba punda wake kapotea, punda aliyemlea toka mdogo, na kila asubuhi anamwita kwa jina. Tulikuwa tunazunguka mji mzima kumtafuta yule punda! Leo nimemsogelea kwa heshima zote. Anasema: "Vitunguu. Vitunguu vizuri."

Basi. Hakuna punda.

Mwanajeshi wa langoni, ambaye kwa Kaka alikuwa mwoga anayemwogopa mkewe (tulimcheka wee!), anasema tu: "Mji uko upande wa kaskazini." Malkia hakuwahi kuwa na pacha.

Labda waliotafsiri Kiingereza ni wavivu. Inawezekana. Watu wanakata maneno ili yaenee kwenye kisanduku cha maneno. Nimemweleza Fundi Simu, akasema au labda kaka yako alikuwa anatia chumvi. Nikamwambia Kaka alikuwa anasoma Kijapani. Fundi Simu kanitazama kwa jicho la mtu anayetazama simu iliyozama maji.

Jumapili, 9 Machi

Nimefika kinuni.

Nilijiandaa. Nimemlisha Baba, kasinzia, nikakaa barazani na chai. Miwani. Muziki wa kinu umeanza.

Asubuhi ya kuondoka. Bi Kinu kasimama mlangoni na joho lake. Kisanduku kimefunguka. Natafsiri neno kwa neno:

"Nataka kuja nanyi."

Chini yake: Mchukue? Ndiyo. Hapana.

Nimesoma nikarudia. Nikavua miwani nikaifuta nikarudia tena. Hakuna taa. Hakuna mtu wa kubaki. Anataka kwenda! Anaomba! Na gemu inauliza, inakuuliza wewe mwenye vidole.

Naikumbuka ile skrini. Nakumbuka kulikuwa na vijistari viwili chini na kimshale. Nilimuuliza Kaka, hapa je? Akasema, shusha chini kidogo ubonyeze, hiyo ni ya kuendelea mbele.

Nilishusha. Nilibonyeza. Ilikuwa Hapana. Mimi mwenyewe, kwa kidole hiki hiki nilichovalia tondoo ya kukinga sindano maisha yangu yote, nilimwambia Hapana, halafu nikalia kwa jinsi alivyo na moyo mkubwa wa kubaki.

Nimepakwa mafuta kwa mgongo wa chupa na mtu ambaye nilifuta pua kwa shati lake.

Chai imepoa. Siwezi kuendelea.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeharibu viti viwili. Nimekata kitambaa kinyume, maua yanaangalia chini. Sijawahi.

Jumanne, 11 Machi

Nimerudi kinuni nikabonyeza Ndiyo.

Bi Kinu kaingia kikosini. Jamani! Yule mwanamke ni tufani. Pigo lake moja, vidudu vyote chali. Anaponya, anapiga, anaita upepo. Lile joka la pangoni lililotutesa mimi na Kaka likizo nzima — kaliweka chini hata sijamaliza kuchovya mkate. Kijana mwenye upanga amekuwa mbeba mizigo tu. Kama mkeka wa mlangoni!

Nilicheka peke yangu kwa sauti, halafu kicheko kikageuka.

Na kuna jambo lingine linaloniuma, nadhani linauma zaidi. Tangu aingie kikosini, hasemi chochote cha maana. Hakuna anayesema. "Twendeni." "Pango liko mashariki." "Asante kwa kuniokoa." Hadithi yenyewe nyembamba kama kitambaa cha bitana. Yale yote niliyoyabeba miaka hii, punda, pacha wa malkia, taa, hayamo. Hayakuwahi kuwamo. Yalikuwa kwenye kichwa cha kijana mmoja aliyeketi sakafuni karibu yangu anajifanya anasoma. Na yalikuwa mazuri! Mazuri kuliko gemu! Ningekuwa na amani kama angenidanganya vibaya.

Kwa hiyo Fundi Simu, bado inachezeka? Inachezeka. Inachosha. Aliyeifanya iwe tamu hayumo kwenye bei.

Alhamisi, 13 Machi

Nimefika karakana nimemkuta Kaka na mwenye duka la vioo wanapima ukuta kwa futi. Meza yangu imesukumwa pembeni. Mwenye duka la vioo kanisalimia kwa adabu na kusema anashukuru sana jinsi Baba alivyomkubali. Nikamwomba atupishe.

Nilidhani nitaanza na karakana. Nikaanza na Bi Kinu. Mdomo ulikwenda wenyewe.

Kaka kwanza hakukumbuka. Halafu akakumbuka, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Mdogo wangu! Hiyo bado unayo kichwani?"

Nikamuuliza, ulikuwa unajua Kijapani au hujui.

"Nilikuwa najua kuandika jina langu. Yule fundi alinifundisha jina, basi. Mengine nilikuwa najipigia tu. Wewe ulikuwa unafurahi, kwani vibaya?"

Na kinuni? Kama hujui kusoma, ulijuaje pa kunibonyezesha?

Hapo kicheko kilipungua. Akasema alishaijaribu siku nilipokuwa naumwa. Alimchukua yule mwanamke. "Ukimchukua yule, kila kitu anamaliza yeye. Mwenye upanga hana kazi tena. Na mwenye upanga nilikuwa mimi. Unakumbuka? Tulishagawana, mwenye upanga mimi. Wewe ungejichukulia yule wa buluu, mimi ningefanya nini?"

Aliyasema hivi hivi, mikono mfukoni. Hakuna aibu. Watoto ni watoto. Na angeishia hapo pengine ningeimeza. Lakini nikasikia mdomo wangu unauliza: na Baba? Herufi za Baba ulifundishwa na nani?

Akatoa mikono mfukoni.

"Usichanganye mambo."

Sichanganyi. Sabuni ngapi zinafanya "mwenye duka la vioo ni mtu mzuri"?

Akaniambia mimi nina uchovu. Akaniambia kila mtu anaona ninavyoteseka, hata Wifi anasema, na kwamba ananitakia mema na siku moja nitamshukuru. Sauti ileile ya chini! Ile aliyonisomea nayo taa. Nywele zilinisimama. Kwa sababu nilitaka kumwamini, hapo hapo nikiwa nimemkasirikia nilitaka aendelee kusema, alivyo mtamu.

Nimerudisha meza yangu mahali pake. Peke yangu. Nimevutika mgongo.

Ijumaa, 14 Machi

Nimempeleka Baba hospitali kwa mtaalamu wa mazoezi ya kuongea. Miadi hii huwa anampeleka Kaka kwa sababu ana gari. Leo nimekodi gari bila kumwambia.

Mama mmoja mfupi, mkali kidogo, kalamu nyuma ya sikio. Alimwambia Baba aguse pua yake. Baba kagusa. Anyooshe kidole dirishani. Kanyoosha. Ampe kijiko, siyo kikombe. Kampa kijiko, na akanitazama mimi kama kusema, huyu anadhani nimekuwa mtoto?

Anaelewa kila kitu, mtaalamu akasema. Akili yake ipo. Kilichokatika ni njia ya maneno kutoka, kwa hiyo anataka kusema kitu kingine na linatoka lilelile.

Nikamuuliza, mtu wa karibu sana, mtoto wake wa kuzaa, anaweza kuelewa anachosema? Sentensi nzima?

Akaniambia hata yeye, kazi yake hii hii, hawezi. Anaweza kuona hasira, furaha, maumivu. Sentensi hapana. Halafu akashusha kalamu: "Kwani kuna mtu anamsemea? Mwacheni kabisa. Wagonjwa wangu hilo ndilo linalowaua moyo, kusikia wamesema jambo ambalo hawakulisema, na hawana neno la kukataa."

Hawana neno la kukataa. Baba alikuwa pale, kwenye kiti cha magurudumu, anamsikiliza. Macho yamejaa maji.

Mimi nilikuwepo kila mara. Nilimsikia Kaka akimsemea na nilimwona Baba anainua ule mkono. Nilidhani anakazia!

Ushauri wake: weka vitu viwili mbele yake, uliza swali moja, subiri. Usimwahi. Subiri mpaka uchoke, halafu subiri tena.

Jumamosi, 15 Machi

Nimemrudishia Fundi Simu gemu yake. Akauliza, basi niagize? Nikamwambia mikononi inakaa vizuri, betri inadumu, muziki hauna mpinzani, hadithi ni ya kujaza mwenyewe. Awaambie wateja wasije peke yao, waje na mtu wa kuwadanganya. Akacheka. Akaniona mimi sicheki, akaacha.

Akasema nimekonda uso. Nikamwambia ni vumbi la sponji.

Nimempigia Kaka aje kesho baada ya chakula cha mchana. Akauliza kuna nini. Nikasema Baba ana neno.

Jumapili, 16 Machi

Naandika jikoni, nimesimama. Nimesema naja kuchota maji. Lazima niliandike kabla halijabadilika kichwani, maana nimeshajua vichwa vyetu nyumba hii vinavyofanya kazi.

Kaka kaja. Kakaa palepale pake, ukingoni mwa kitanda, kashika mkono wa Baba. Ule mbovu, wa kulia. Nimeweka ufunguo wa karakana juu ya blanketi, upande wa mkono mzima. Nikamwambia Baba: kuna habari kwamba unataka karakana ifungwe. Mimi sijui kama ulisema. Ukitaka ifungwe, mpe Kaka ufunguo. Ukitaka iendelee, nipe mimi. Hujaamua, uache hapo.

Kaka akasema, mchezo gani huu, utamchosha mzee. Nikamwambia tusubiri.

Tukasubiri. Nilikuwa naogopa, lazima niseme ukweli. Kwa sababu inawezekana kweli. Inawezekana Baba kachoka, inawezekana anataka ifungwe, na Kaka kabahatisha sawa mara hii moja. Nilikuwa tayari kunyang'anywa na Baba mwenyewe. Sikuwa tayari kunyang'anywa na msomaji.

Baba hakugusa ufunguo. Aliutazama. Akaanza: sabuni. Sabuni, sabuni, polepole, macho kwa Kaka.

Kaka akashusha pumzi, akanigeukia, sauti ya chini. "Baba anasema —"

Mkono wa Baba ukainuka. Ule mzima. Nilidhani anaelekea kwenye ufunguo. Ukapita. Ukaenda mpaka usoni kwa Kaka ukamfunika mdomo. Hakumpiga. Kiganja chote, vile unavyomziba mtoto anayepiga kelele watu wamelala. Akauacha pale.

Kaka hakuutoa. Macho yake juu ya kile kiganja — sijawahi kumwona hivyo. Si hasira. Yalikuwa ya yule kijana wa sakafuni, kabla hajapata la kusema. Nilitaka kufurahi. Nimengoja juma zima nifurahi, na badala yake nimekuja kuchota maji.

Ufunguo uko palepale. Hajampa yeye. Hajanipa mimi.

Glasi imejaa. Nasikia Baba anasema tena, ndefu kuliko siku zote, na hakuna anayemwingilia. Sasa anagonga ubao wa kitanda kwa mkono. Ananiita.

Kaka katokea mlangoni mwa jikoni. Kafungua mdomo aniambie Baba anataka nini. Kaufunga.